Hojaji ya Bure Hulipiwa na Nani? Gharama ya Kuwauliza Wenzako kwa Barua Pepe Kaskazini Mashariki mwa Kenya

Mkuu wa idara ambaye ofisi yake iko mjini Garissa na wafanyakazi wenzake wako Balambala, Modogashe, Dadaab, Masalani na Hulugho, akitaka kuwauliza maswali 30, ana njia nyingi za kufanya hivyo kwa barua pepe. Karibu zote hujitangaza kuwa za bure. Mimi siziamini bei hizo. Kila fomu ina mtu anayeilipia: ama wewe unayeituma, kwa saa utakazokaa ukinakili majibu, ama mwenzako anayeijaza, kwa bando lake na kwa muda anaokodolea macho ukurasa usiofunguka. Kwa hiyo katika ulinganisho huu, kando ya bei ya programu, nitakuwa nauliza kila mara gharama inamwangukia nani.

Tuchukue mfano mmoja tuutumie mwanzo hadi mwisho. Watu ni 60, maswali 30, kurasa nne zikichapishwa. Saa moja ya karani tuihesabu kwa shilingi 300. Ukiona namba hiyo ni ndogo au kubwa mno kwa ofisi yako, weka yako. Kwa upande wa bando, nimechukua ofa za Safaricom ambazo watu wengi wanazijua: shilingi 20 hivi kwa bando la saa moja, 50 hivi kwa lile dogo la siku kadhaa, na karibu 100 kwa GB moja ya saa 24. Ofa hubadilika, tena hutofautiana kutoka laini moja hadi nyingine, basi piga *544# uone zako kabla ya kupanga bajeti.

Karatasi nitaitaja kwa ufupi, maana bado ipo. Kurasa nne kwa watu 60 ni kurasa 240. Kwa shilingi tano kila nakala, umetumia 1,200 kabla bahasha haijapanda basi. Zikirudi, karani anaziingiza kwenye kompyuta kwa dakika kumi kila moja, yaani saa kumi, yaani shilingi 3,000. Jumla 4,200 bila nauli ya vifurushi. Na bahasha hutegemea barabara. Mafuriko ya Novemba 2023, na yale ya Aprili 2024, yalikata njia ya Garissa na Nairobi upande wa Madogo. Ndani ya kaunti, ambako njia nyingi ni za udongo, gari hukwama hata kwa mvua ya kawaida. Karatasi ibaki kwa mtu asiye na simu janja na kwa swali linalohitaji sahihi ya mkono.

Faili la Word, kipenzi cha ofisi

Wengi huanza hapa. Unaandika maswali, unaweka mistari ya nukta nukta, unaambatisha, unatuma kwa wote. Kwa anayepokea, njia hii ina sifa moja ambayo lazima isemwe: faili la kurasa nne lisilo na picha kwa kawaida halifiki hata KB 100. Linashuka hata pale ambapo mtandao ni wa kubahatisha, na likishashuka mtu analijaza bila intaneti. Kwa bando, ni karibu bure kweli.

Shida huanza anapolifungua. Wenzetu wengi nje ya mji husoma barua pepe kwenye simu, na mara nyingi ni simu ya Tecno au Itel yenye kioo kidogo. Tazama kinachotokea. Muuguzi anagusa mstari wa nukta baada ya "Idadi ya akina mama waliohudumiwa," anaandika 47, na nukta zote zinasukumwa mbele, zinamwagika mstari wa pili, na swali linalofuata linashuka chini. Akifika kwenye jedwali, safu ya kulia haionekani mpaka avute ukurasa kwa kidole. Vijisanduku vya kuweka tiki havibonyezeki, hivyo anaandika "ndiyo" pembeni, au X, au anabadilisha rangi ya jibu alilolichagua kuwa nyekundu. Majibu yote matatu yana maana moja kwake. Kwako wewe utakayeyahesabu, ni vitu vitatu tofauti.

Halafu mafaili yanarudi. Sitini, na mengi yana jina lile lile ulilolituma nalo. Maswali 30 kwa watu 60 ni visanduku 1,800 vya kunakili kwa mkono kutoka Word hadi Excel. Hata ukiwa mwepesi, ni zile saa kumi za karatasi tena, shilingi 3,000, na kila kisanduku ni nafasi ya kukosea. Nimeona ripoti ambayo zahanati moja ilihesabiwa mara mbili kwa sababu mhudumu alituma faili, akalirekebisha, akalituma tena, na aliyekuwa akinakili hakugundua.

Ipo njia ya kulifunga faili ili sehemu za kujaza tu ndizo ziandikike, na kwenye kompyuta hufanya kazi vizuri. Kama wenzako wote wanakaa mbele ya kompyuta za ofisi, na ni watu wanane au kumi, itumie bila wasiwasi. Wakizidi hapo, au wakiwa kwenye simu, haifai.

Kuna wakati tatizo la kunakili majibu lilipatiwa dawa ndani ya Microsoft Office yenyewe. Access ya 2007 na ya 2010 iliweza kutuma fomu katikati ya barua pepe, mwenzako akajibu tu barua, na majibu yake yakaingia kwenye jedwali lako yenyewe. Toleo la 2013 lilikiondoa kipengele hicho. InfoPath, iliyotengenezwa mahususi kwa fomu za namna hiyo, nayo haikupata toleo jipya baada ya 2013. Nayataja haya kwa sababu ofisini bado wapo wanaokumbuka kwamba "zamani ilikuwa inawezekana," na wanapoteza siku nzima wakiitafuta mahali ambapo haipo tena.

PDF ya kujazwa ni nduguye Word mwenye nidhamu zaidi. Nukta hazimwagiki, vijisanduku vinabonyezeka, na kuijaza kunahitaji Acrobat Reader ambayo ni ya bure. Kuitengeneza kwa Acrobat ya kulipia ni karibu dola 20 kwa mwezi, lakini hakuna sababu ya kulipa: LibreOffice Writer, ambayo ni ya bure kabisa, hutengeneza fomu hizo na kuzihifadhi kama PDF. Ila mwenzako akiifungua moja kwa moja ndani ya barua pepe au WhatsApp badala ya Acrobat, huenda asiweze kujaza, au ajaze kisha majibu yasihifadhiwe. Utapokea fomu tupu kutoka kwa mtu anayeapa kwamba alijaza, na atakuwa anasema kweli. Na bado yatabaki mafaili 60.

Fomu ya Google: bure kwako, shilingi ishirini kwake

Ukiwa na Gmail, tayari unayo Google Forms. Hulipi kitu, na kila jibu linaanguka lenyewe kwenye jedwali. Zile saa kumi za kunakili zinatoweka. Unapoituma kwa barua pepe kuna kijisanduku cha kuiweka fomu ndani ya barua yenyewe. Mwenzako anayesoma Gmail kwenye kompyuta ataweza kuona maswali humo humo. Kwenye simu, au kwenye programu nyingine ya barua pepe, aghalabu ataona kitufe tu cha kumpeleka kwenye ukurasa wa fomu. Usipange kazi yako kwa kutegemea kwamba kila mtu ataona maswali ndani ya barua.

Sasa hesabu upande wa pili. Fomu hii inahitaji mtandao tangu inapofunguliwa hadi inapotumwa. Mtu akinunua bando la shilingi 20 ili akujibu, watu 60 wamechanga 1,200 kutoka mifukoni mwao kwa kazi ya ofisi. Hakuna risiti ya pesa hizo, hakuna mstari wake kwenye bajeti, na anayezitoa zaidi ni yule anayelipwa kidogo na kukaa mbali. Walioko ndani ya ofisi za Garissa zenye nyaya za faiba, au katika shirika lililofunga Starlink tangu huduma hiyo iingie Kenya Julai 2023, hawalipi chochote. Ndiyo sababu majibu ya mjini hufika siku hiyo hiyo na ya mpakani huchelewa, kisha mtu mjini anasema wenzetu wa kule hawajali.

Mtandao wenyewe nao si wa kutegemewa kila siku. Milingoti ya mawasiliano katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera imelipuliwa mara kadhaa na wapiganaji wa Al-Shabaab, na mlingoti mmoja ukianguka, eneo zima linanyamaza mpaka mafundi wafike chini ya ulinzi. Mwalimu aliye kwenye swali la 24 wakati mtandao unapokatika anaweza kuanza upya. Google huhifadhi rasimu kwa siku 30, lakini kwa aliyeingia kwa akaunti yake tu na aliyekuwa na mtandao wakati akijaza.

Ukiichagua, chunguza mipangilio miwili kabla ya kutuma. Kile cha kumruhusu mtu kujibu mara moja tu humlazimisha kila mmoja aingie kwa akaunti ya Google. Katika kituo ambacho wahudumu watatu wanatumia simu moja au kompyuta moja, wa kwanza atajibu na wawili waliobaki watafungiwa nje. Swali la kupakia faili au picha nalo hudai akaunti, tena hula bando. Ondoa yote mawili kama huyahitaji. Na ile picha kubwa ya kichwa cha fomu, yenye ngamia au machweo ya Mto Tana, iondoe pia. Inapendeza, lakini mwenzako ndiye anayelipia MB zake.

Kwa shilingi 3,000 ambazo ungezitumia kwa karani wa kunakili mafaili ya Word, unaweza kumnunulia kila mmoja wa wale 60 bando la shilingi 50. Gharama ni ile ile. Tofauti ni kwamba hakuna anayejibu kwa pesa yake, na makosa ya kunakili hayapo. Nashangaa ni ofisi chache kiasi gani zinazolifanya hili, ilhali bando hununuliwa kwa ajili ya namba nyingine kutoka simu hiyo hiyo uliyoishika. Litume kwa wote kabla ya fomu, bila kujali nani atajibu nini, ili mtu asidhani ananunuliwa jibu.

Za kulipia kwa dola

Microsoft Forms inafaa pale ambapo mwajiri tayari analipia Microsoft 365, kwa sababu inatambua majina ya wafanyakazi yenyewe. Akaunti ya bure hukubali majibu 200 kwa fomu moja, ambayo yanatosha katika mfano wetu. Kununua Microsoft 365 kwa ajili ya hojaji peke yake si busara: kwa kifurushi cha dola 6 hivi kwa mtu kwa mwezi, watu 60 ni dola 360, na dola ikiwa shilingi 129 unazungumzia zaidi ya 46,000 kila mwezi.

SurveyMonkey, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1999, ina sura nzuri na maswali yaliyokwisha kuandikwa. Ngazi yake ya bure hukuruhusu maswali 10 na kukuonyesha majibu 25 tu. Typeform ya bure hukoma kwa majibu 10 kwa mwezi, na Jotform kwa 100. Katika mfano wetu wa maswali 30 na watu 60, ni Jotform pekee kati ya hizi tatu inayovuka bila kulipiwa. Ubaya ni kwamba kikomo hukugonga katikati ya kazi: majibu yamefika, unaambiwa lipa ndipo uyaone. Malipo ni kwa dola na kwa kadi. Kadi ya M-PESA GlobalPay, iliyoanza 2022, imewafungulia njia wasio na kadi ya benki, lakini kumbuka kufuta usajili kazi ikiisha, maana hujirudia wenyewe kila mwezi au kila mwaka.

KoBo, na fomu inayosubiri mtandao

Wengi waliowahi kufanya kazi ya kukusanya takwimu Dadaab, ambako kambi za wakimbizi zipo tangu 1991, wanaijua programu ya fomu iitwayo KoboToolbox, au KoBo kwa kifupi. Ilikuzwa na watafiti wa Harvard waliokuwa wakifanya kazi zao kaskazini mwa Uganda, juu ya msingi wa programu ya ODK iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008. Watu huifikiria kama kitu cha mashirika ya misaada: kijana anazunguka na simu kambini akiuliza kaya moja baada ya nyingine. Ni wachache wanaoitumia kuwauliza wafanyakazi wenzao, na hapo ndipo naona nafasi kubwa inapotezwa.

Fomu ya KoBo hutoa kiungo unachoweza kukibandika kwenye barua pepe kama cha Google. Tofauti ni kwamba unaweza kuchagua kiungo kinachofanya kazi kukiwa na mtandao na kusipokuwa nao. Mwenzako anakifungua mara moja akiwa na mtandao, tuseme asubuhi ya siku ya soko akiwa Masalani. Fomu inakaa kwenye kivinjari chake. Anaondoka na kurudi kituoni kwake, anaijaza jioni bila mtandao wowote, anabonyeza tuma, na jibu linapanga foleni ndani ya simu. Siku simu itakapokutana tena na mtandao na ukurasa ukafunguliwa, linaondoka. Hakuna swali la 24 linalopotea kwa mlingoti kuanguka. Bando analohitaji ni la kufungua na kusukuma maandishi, basi.

Ni ya bure kwa mashirika yasiyo ya faida, ikiwa na kikomo cha majibu kwa mwezi ambacho mfano wetu wa watu 60 haukikaribii hata kidogo. Inakubali fomu moja kuwa na lugha zaidi ya moja, mjazaji akachagua Kiswahili, Kisomali au Kiingereza juu ya ukurasa huo huo. Katika kaunti ambako mhudumu wa afya wa kijiji huenda anasoma Kisomali kwa wepesi na mwalimu kutoka Kitui hakijui kabisa, hilo pekee linatosha kuichagua. Pia huruka maswali yasiyomhusu mtu: aliyejibu kwamba kituo hakina jokofu la chanjo haulizwi joto lake.

Kasoro zake nazo zisemwe. Kujifunza kuitumia kunachukua siku mbili tatu za kuhangaika; Google Forms ni nusu saa. Lazima uiruhusu fomu kupokea majibu bila jina la mtumiaji na neno la siri, la sivyo wenzako wote watakutana na mlango uliofungwa. Mtu akifuta data za kivinjari kabla jibu halijaondoka, limekwenda. Programu yake ya simu ni ya Android pekee, ingawa kiungo hufunguka pia kwenye iPhone. Na haitumi barua za kukumbusha. Orodha ya waliojibu na wasiojibu utaifuatilia mwenyewe, hivyo weka swali la kwanza liwe jina la kituo au namba ya kazi.

Kwa walio mbali zaidi kuna SMS. Maswali matano, kila moja ujumbe mmoja, kwa watu 60 ni jumbe 300, na kwa kampuni za kutuma jumbe nyingi kama Africa's Talking gharama huwa katika kiwango cha shilingi moja au pungufu kwa ujumbe. Kisomali huandikwa kwa herufi za Kilatini tangu 1972, kwa hiyo nafasi 160 za ujumbe zinatumika zote. Ukiandika kwa herufi za Kiarabu zinapungua hadi 70 na gharama inapanda. SMS haitoshi kwa maswali 30. Kwa maswali matano ya ndiyo, hapana na namba, hufika mahali ambapo barua pepe haifiki. Hakikisha jibu halimkati mwenzako salio, na kama huwezi, mrudishie.

Gharama isiyo ya shilingi

Katika ukanda huu watu wanaogopa namba, na wana sababu. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya sensa ya 2009 katika wilaya nane za kaskazini, zikiwemo Lagdera, Wajir Mashariki na wilaya tatu za Mandera. Sensa ya Agosti 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa tableti badala ya karatasi, na wapo waliodhani kwamba kifaa kingemaliza ubishi. Hakikuumaliza. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ilifuta matokeo ya Garissa, Wajir na Mandera. Mwenzako anapopokea fomu yako anabeba historia hiyo, hata kama unauliza kuhusu viti vya ofisi tu. Atataka kujua nani ataona jibu lake na litatumika wapi. Mwambie katika sentensi mbili za mwanzo wa barua, kwa lugha ya kawaida.

Sheria nayo inakudai hivyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu asili ya kikabila, afya, imani, ndoa na mali ya mtu kuwa taarifa nyeti. Swali la ukoo, ambalo watu huliweka kwenye fomu kana kwamba ni swali la umri, liko humo. Kama huna sababu ya kazi unayoweza kuitetea mbele ya Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, lifute. Majibu ya Google, Microsoft, SurveyMonkey na KoBo huhifadhiwa kwenye seva zilizo nje ya Kenya, na kupeleka taarifa za watu nje kuna masharti yake. Kadiri unavyokusanya machache ndivyo unavyopunguza deni hilo.

Sehemu ya jina pia inahitaji kufikiriwa. Fomu nyingi za kigeni zina kisanduku cha jina la kwanza na cha jina la familia. Msomali hutumia jina lake, la baba na la babu, na hana jina la familia la kuandika pale. Mmoja ataweka la babu, mwingine la baba, na kwenye jedwali lako ndugu wawili wataonekana hawajuani. Weka mstari mmoja mrefu ulioandikwa "Majina matatu," yaishe.

Anwani za wenzako 60 ziweke kwenye sehemu ya nakala iliyofichwa, ili zisionekane na wote na ili jibu la mmoja lisimwagike kwa wengine 59. Anza kwa salamu inayostahili, "Assalaam aleikum, ndugu na dada zangu," umtaje daktari kwa udaktari wake na mwalimu kwa ualimu wake unapomkumbusha binafsi. Usitume Ijumaa mchana, wakati watu wako msikitini, wala usiweke siku ya mwisho ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Hayo hayagharimu shilingi, na yanaongeza majibu kuliko kipengele chochote cha kulipia.

Ningechagua nini

Kwa watu wasiozidi kumi walio mbele ya kompyuta mjini, faili la Word lililofungwa au PDF ya LibreOffice inatosha. Kwa ofisi ambayo wote wana mtandao wa uhakika, Google Forms, bila picha na bila kulazimisha akaunti. Kwa mfano wetu wa watu 60 waliotawanyika hadi Hulugho, nachagua KoBo yenye kiungo kinachofanya kazi bila mtandao, na shilingi 3,000 za bando zilizotolewa na ofisi, si na wao. SurveyMonkey na jamaa zake nisingelipia, kwa sababu hakuna wanachotoa kwa bei hiyo ambacho kingemsaidia mtu aliye pembeni ya mtandao. SMS ningeiweka akiba kwa wale ambao hadi siku ya mwisho hawajasikika, na ningewauliza yale maswali matano muhimu tu.

Vyovyote utakavyochagua, kabla ya kuituma chukua simu ya bei nafuu kuliko yako, zima Wi-Fi ya ofisi, nunua bando la shilingi 20 na ujaze fomu yako mwenyewe hadi mwisho. Swali litakalokuchosha wewe hapo Garissa, liondoe. Na majibu yakishakamilika, waandikie wale 60 ukurasa mmoja wa kile ulichokipata, uubandike ndani ya barua yenyewe bila kiambatisho. Watu wa kaunti hizi wameulizwa maswali mengi kwa miaka mingi na wameletewa majibu machache. Wenzako kazini wanastahili kutendewa tofauti.